Kusafiri nje ya nchi kwa shanta pamoja na mama wa miaka 68: maandalizi yaanzie wapi?

Binti wa Pili anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kusafiri na mzazi mwenye umri mkubwa, hasa waliosafiri wakiwa na shanta mgongoni, kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma yanawahusu ama vijana wanaotembea peke yao ama wazee wanaosafiri kwa basi la watalii, na sisi hatumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Mama yangu ana miaka 68. Tangu alipostaafu amekuwa akisema kwamba kuna safari moja anayotaka kuifanya kabla magoti hayajamkatalia kabisa, nayo ni kwenda nje ya nchi, kutembea kwa miguu kutoka mahali hadi mahali, na kulala katika nyumba za wageni za kawaida akiwa amebeba vitu vyake mwenyewe. Wazo ni lake, na amenichagua mimi nimsindikize. Tuna wiki tatu, na bado tuna miezi saba ya kujiandaa. Nimemwekea mbele njia mbili. Ya kwanza ni njia ya mahujaji inayoelekea Santiago de Compostela nchini Hispania, ambako tungetembea sehemu ya mwisho tu. Ya pili ni milima ya Nepal, kuanzia Lukla hadi Namche Bazaar na pengine mbele kidogo, kwa kuwa amekuwa akitazama picha za milima hiyo kwa miaka mingi.

Kuhusu afya yake, anatumia dawa mbili za shinikizo la damu, na moja kati ya hizo ni ya kupunguza maji mwilini. Goti lake la kulia limechakaa na huuma akiteremka ngazi, ila huumia zaidi asubuhi kuliko jioni. Mbali na hayo ni mzima, na kwa kawaida hutembea kama nusu saa kila siku.

Kaka yangu anaona kwamba kumpeleka ni kumtesa. Mimi naona kwamba kumzuia ni kumtesa zaidi, lakini nakiri kwamba sijui nitapimaje kama anaweza kweli au ninajidanganya kwa sababu nampenda na sitaki kumvunja moyo. Maandalizi haya yaanzie wapi? Na kati ya njia hizo mbili, ninyi mngechagua ipi?

Mwenda Pole anajibu:

Dada, mimi nilitembea na baba yangu alipokuwa na miaka 71, na nitaanza na kosa nililolifanya ili wewe usilirudie. Kabla ya safari nilimuuliza mara nyingi kama anajisikia vizuri, naye kila mara alijibu kwamba hana neno. Nililichukua jibu hilo kama kipimo. Siku ya tatu ya safari, tulipovua viatu jioni, niliona kucha za vidole vyake viwili vikubwa zimekuwa nyeusi na soksi zimeshikana na ngozi. Alikuwa ametembea siku nzima katika maumivu hayo bila kusema, kwa sababu aliogopa kwamba nikijua nitaikatisha safari. Tulipumzika siku nne mahali ambapo hatukupanga kulala hata usiku mmoja, na yeye alijilaumu kwa siku zote hizo nne, jambo ambalo liliniuma kuliko ratiba iliyovurugika.

Kwa hiyo nakushauri usimuulize, mtembee naye. Miezi saba ni muda mzuri sana. Anzeni na nusu saa hiyo aliyoizoea, muiongeze kidogo kidogo kila wiki, na mkifika mahali ambapo anaweza kutembea saa tatu bila kuchoka kupita kiasi, fanyeni jaribio ambalo wengi hulisahau: mtembee siku mbili mfululizo. Karibu kila mtu mwenye afya anaweza kumudu siku moja ndefu. Siku ya pili asubuhi ndipo mwili unaposema ukweli, na kwa mtu mwenye goti kama la mama yako hiyo ndiyo siku unayopaswa kuitazama kwa makini. Akiamka na goti limevimba na halijatulia hadi adhuhuri, basi umbali wa jana ulikuwa mkubwa kwake, na mnarudi nyuma hatua moja bila mtu yeyote kuaibika.

Zoezi lihusishe miteremko. Watu huhofia kupanda, lakini kupanda huchosha moyo na mapafu, ilhali kuteremka ndiko kunakoumiza magoti, kwa kuwa misuli ya paja inalazimika kuuzuia uzito wa mwili katika kila hatua. Mtafutieni fimbo mbili za kutembelea na ajifunze kuzitumia tangu sasa, azirefushe kidogo anapoteremka na azitangulize mbele ya mwili. Baba alizikataa mwanzoni kwa kuona kwamba ni za wagonjwa, na baada ya mteremko wa kwanza mrefu hakuziacha tena.

Kuhusu shanta, watu husema mtembeaji asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake, na kwa mzazi mwenye goti bovu mimi ningependa hata pungufu ya hapo. Jambo kubwa zaidi ni jinsi shanta inavyomkaa. Mkanda wa kiunoni unapaswa kukaa juu ya mifupa ya nyonga na kuubeba sehemu kubwa ya uzito, na mikanda ya mabegani iishike tu shanta isiyumbe. Ikiwa shanta ni ndefu kuliko mgongo wake, mkanda wa kiunoni utamshukia chini ya nyonga na mzigo wote utarudi mabegani, naye atatembea ameinama mbele, jambo ambalo ni hatari kwenye mteremko. Ijaribuni ikiwa na uzito ndani yake, kwa kuwa shanta tupu humkaa vizuri kila mtu. Viatu navyo viwe vikubwa kidogo kuliko anavyovaa siku zote, kwa sababu miguu huvimba baada ya saa kadhaa za kutembea, na avivae katika mazoezi yote ili siku ya safari visiwe vipya. Laiti ningelijua hilo mapema, kucha za baba zingepona.

Kati ya njia mbili ulizotaja, mimi ningechagua ya Hispania bila kusita. Njia nzima inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port ni karibu kilomita 800, lakini wengi huanzia Sarria, ambako hubaki takriban kilomita 115, na umbali huo unatosha kupata cheti cha hujaji, kwa maana anayetembea kwa miguu anatakiwa kufikisha angalau kilomita 100. Vijiji viko karibu karibu, kwa hiyo akichoka katikati ya siku mna mahali pa kulala. Pia kuna watu ambao kazi yao ni kuchukua mizigo asubuhi na kuipeleka nyumba ya wageni mtakayolala jioni. Najua mama anataka kubeba vitu vyake mwenyewe, na jambo hilo liheshimiwe, lakini ni vizuri ajue mapema kwamba siku goti likigoma shanta inaweza kutangulia na yeye akafuata na mfuko mdogo wa maji na dawa.

Muuguzi Mstaafu anajibu:

Mwanangu, hongera kwa kumsikiliza mama yako. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na nitasema tu yale ambayo ningependa umpelekee daktari wake kama maswali, kwa sababu yeye ndiye anayemfahamu mgonjwa na mimi simfahamu.

La kwanza kabisa ni dawa za maumivu, na nimeliweka mbele kwa sababu ya goti lake. Mtu anayetembea na goti linalouma atanunua dawa ya kutuliza maumivu kama ibuprofeni au daiklofenaki katika duka lolote la dawa na kuzimeza siku baada ya siku. Dawa za kundi hilo hupandisha shinikizo la damu, na mtu anapozimeza pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini na baadhi ya dawa nyingine za shinikizo, huku akitoka jasho jingi na kunywa maji machache, figo zinaweza kuumia ndani ya siku chache. Daktari aseme kabla ya safari ni dawa gani ya maumivu anayoruhusiwa, kwa kiasi gani na kwa siku ngapi. Mara nyingi huanza na parasetamoli, au dawa ya kupaka kwenye goti, ambayo huingia kidogo sana katika damu.

Jambo la pili linafanana na hilo. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo hisia ya kiu inavyopungua, kwa hiyo mama yako anaweza kuwa amepungukiwa na maji bila kuhisi kiu hata kidogo. Msimsubiri aombe maji. Mkubaliane kwamba mnakunywa wote wawili kila mnaposimama, na uangalie kama anapata kizunguzungu anapoinuka kutoka alipokaa. Akiharisha, hatari huongezeka mara moja, na ni lazima muwe na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vinatosha. Mwulize daktari kama dawa ya kupunguza maji isimamishwe siku za kuharisha, na aandike jibu lake kwenye karatasi, kwa sababu usiku wa kuumwa si wakati wa kujaribu kukumbuka.

Dawa zake zote zisafiri katika mzigo wa mkononi, kamwe zisiwekwe katika mizigo inayoshushwa chini ya ndege, na ziwe katika makasha yake ya asili yenye jina lake. Chukueni za kutosha safari nzima na za ziada kwa wiki moja au mbili, kisha mzigawe: nusu abebe yeye na nusu ubebe wewe, ili mfuko mmoja ukipotea asibaki mikono mitupu. Ombeni barua ya daktari inayotaja ugonjwa, majina ya kitaalamu ya dawa na vipimo vyake, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi na mfamasia wa ugenini anaweza asiyatambue. Kama anatumia dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadoli, mjue kwamba katika nchi nyingi hizo ni dawa zinazodhibitiwa kisheria, hivyo muulize ubalozi wa nchi mnayokwenda na wa nchi mtakayobadilishia ndege.

Sasa safari ya ndege yenyewe. Kukaa bila kusogea kwa zaidi ya saa nne huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu, na umri nao huongeza hatari hiyo. Achukue kiti cha pembeni mwa njia, anyanyuke mara kwa mara, akunje na kukunjua vifundo vya miguu akiwa amekaa, na aulize kama anahitaji soksi maalumu za kubana miguu. Wiki za mwanzo baada ya kufika, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au akikosa pumzi ghafla, msidhani kwamba ni uchovu wa kutembea. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu Nepal, sitamkataza mtu, lakini hesabu ni hii. Lukla iko mita 2,860 juu ya usawa wa bahari na Namche iko mita 3,440. Wataalamu wa afya ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja, na apumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Umri peke yake hauongezi sana ugonjwa wa mwinuko, na wako wazee wanaopanda salama kuliko vijana kwa sababu wanakwenda polepole. Kinachotia wasiwasi ni moyo na mapafu, na shinikizo la damu ambalo huweza kupanda zaidi katika mwinuko. Pia huko juu njia ya kushuka ni miguu yako mwenyewe au helikopta. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu ni ishara ya kutopanda zaidi, na hali ikizidi ni lazima kushuka, hata kama ni usiku na hata kama mlilipia kitanda.

Chanjo mzishughulikie mapema, angalau miezi miwili kabla. Ikiwa mtapita nchi inayodai cheti cha homa ya manjano na mama hajawahi kuchanjwa, mwambieni daktari umri wake waziwazi, kwa kuwa kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Akiwa aliwahi kuchanjwa zamani, tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yake yote, hivyo kitafuteni kwanza katika makaratasi ya zamani.

Mwisho nakupa kipimo kidogo cha nyumbani. Mwambie akae kwenye kiti imara, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, kutofikisha mara 11 kunahesabiwa kuwa chini ya wastani na kunaashiria uwezekano mkubwa wa kuanguka. Akipata chini ya hapo msikate tamaa, maana zoezi lenyewe, likifanywa kila siku, ndilo linalomwimarisha mapaja.

Binti wa Pili anajibu:

Nawashukuru mno. Nimemfanyisha mama kipimo cha kiti jana jioni na amefika mara 12, kisha akataka kurudia ili afike 15, nikamzuia. Kuhusu dawa za maumivu nimeshtuka kweli, kwa sababu nimekuta ndani ya mkoba wake ibuprofeni ambayo amekuwa akiimeza kwa ajili ya goti bila kumwambia daktari. Tumeweka miadi wiki ijayo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni bima, kwa sababu kila fomu ninayoifungua inabadilika mara tu ninapoandika umri wake. La pili ni gumu zaidi kwangu. Nilimwambia kwamba tunaweza kumwombea kiti cha magurudumu katika viwanja vya ndege, akanyamaza siku nzima. Nadhani nilimuumiza.

Mshika Kalamu anajibu:

Nitajibu kuhusu bima na makaratasi tu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu.

Soma kwanza kipengele cha umri na kipengele cha magonjwa aliyonayo mtu kabla ya kukata bima, na usitazame bei mpaka umalize kuvisoma hivyo viwili. Bima nyingi huweka kikomo cha umri, nyingine kwa miaka 65, nyingine kwa 70 au 75, na nyingine humpokea mzee lakini zikaondoa kimyakimya matibabu yote yanayotokana na ugonjwa wa zamani. Mama yako ana shinikizo la damu na goti lililochakaa, kwa hiyo vyote viwili vitajwe kwa maandishi, pamoja na kila dawa na kila mabadiliko ya dawa, yakiwemo hayo yatakayofanywa wiki ijayo. Nimeona familia iliyonyimwa malipo ya wiki nzima ya hospitali kwa sababu dawa moja ya shinikizo haikuandikwa kwenye fomu, ingawa mzee alilazwa kwa sababu ya moyo na familia iliamini kwamba imesema kila kitu. Kutaja huongeza gharama kidogo, lakini kutotaja kunaweza kuibatilisha bima nzima.

Kisha tafuta maneno yanayohusu kusafirishwa mgonjwa, yaani kuhamishiwa hospitali kubwa na kurudishwa nyumbani akiwa na mhudumu wa afya. Mkienda milimani, hakikisha kwamba mwinuko mtakaofika umeruhusiwa na kwamba helikopta imetajwa, kwa kuwa bima nyingi za kawaida hukoma katika kiwango fulani cha mita. Angalia pia kama bima inakugharamia wewe kubaki naye akilazwa. Hilo watu hulisahau, na hulikumbuka wakiwa tayari kwenye korido ya hospitali.

Kwa Hispania, mtu anayehitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, anatakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na hayapaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na iendelee kuwa halali kwa angalau miezi mitatu baada ya kuondoka huko, na nchi nyingi nyingine hudai miezi sita. Pasipoti za wazee mara nyingi zimekaa kabatini muda mrefu, hivyo itazame leo.

Jambo moja la kifamilia ambalo ni la makaratasi pia: mama aandike, akiwa na utulivu wake, nani azungumze na madaktari kwa niaba yake iwapo hataweza, na kaka yako apate nakala. Inawezekana yeye anayepinga safari ndiye atakayepigiwa simu ya kwanza.

Mama wa Watatu anajibu:

Nimesoma yote na nimeona niandike, kwa kuwa hapa wanazungumza watoto na mimi ni mzazi. Nina miaka 73. Mwaka jana nilitembea na mwanangu nje ya nchi kwa siku 16, kila mmoja na shanta yake, na ninataka nikueleze, binti yangu, yale ambayo mama yako pengine hatakueleza.

Kuhusu kile kiti cha magurudumu, alinyamaza kwa sababu aliona kwamba umeshaamua yeye ni nani katika safari hii. Mimi nilifanyiwa vivyo hivyo. Mwanangu alikuwa ameshaomba kila kitu kabla ya kuniuliza, na nilipofika uwanjani nikakuta kijana ananisubiri na kiti, watu wananitazama, nami nina shanta mgongoni. Nililia chooni. Lakini siku ya kurudi nilikiomba mwenyewe, maana kati ya ndege mbili palikuwa na mwendo mrefu sana na goti langu lilikuwa limechoka. Kiti kilikuwa kile kile, ila safari hii nilikichagua. Kwa hiyo mpe habari na umwachie uamuzi. Mwambie kwamba katika Ulaya msaada wa namna hiyo huombwa angalau saa 48 kabla ya safari, kwamba haulipiwi, na kwamba anaweza kuuomba kwa kiwanja kimoja na kuukataa kingine.

La pili ni usiku. Ninyi vijana mnapanga mchana tu. Mimi huamka mara mbili au tatu usiku kwenda haja ndogo, na katika nyumba za wageni zenye vitanda vya juu na chini, kushuka ngazi gizani katika chumba cha watu 10 ndiko kunakovunja mifupa ya wazee. Kila mlipofika, kabla hata ya kuvua shanta, mwombeeni kitanda cha chini. Awe na taa ya kuvaa kichwani, aiweke mahali pale pale kila usiku, na kabla ya kulala atembee njia ya chooni mara moja taa zikiwa zinawaka. Siku nyingine mchukue chumba chenu wenyewe, hata kama si lazima. Usiku mmoja wa kulala vizuri ulinirudishia nguvu za siku tatu. Na kwa kuwa dawa ya kupunguza maji imetajwa, naongeza kwamba choo njiani ni jambo la kuzungumzwa bila haya. Nilipunguza kunywa maji siku za mwanzo kwa sababu niliona aibu kumsimamisha mwanangu kila saa, na nilipata kizunguzungu hadi nikakaa chini barabarani. Yule muuguzi amesema ukweli mtupu.

La tatu, mpeni kazi. Mwanangu alishika ramani, tiketi, pesa na simu, nami nikawa kama mzigo unaotembea. Siku ya tano tulipotezana sokoni kwa karibu saa nzima, na mimi sikuwa na jina la nyumba tuliyolala wala namba ya simu yake kwenye karatasi. Tangu siku hiyo nilibeba mfukoni kadi yenye jina langu, dawa zangu, anwani ya mahali pa kulala na namba zake, na nikachukua jukumu la kupanga tutalala wapi kesho. Nilianza kuipenda safari hapo.

La mwisho ni kuhusu maumivu. Baba yake Mwenda Pole alificha kucha zake kwa sababu kusema kungemaanisha kushindwa. Mimi na mwanangu tulikubaliana kwamba kila jioni kila mmoja, yeye pia, atataja namba kuanzia sifuri hadi kumi ya jinsi mwili unavyouma, na kwamba ikizidi sita, kwa yeyote kati yetu, kesho yake ni mapumziko bila mjadala. Usiku wa tisa yeye ndiye aliyesema saba. Tulipumzika kwa ajili yake, na kuanzia hapo sikuona taabu yoyote kusema namba yangu.

Wala hujasema yeye mwenyewe anataka njia ipi kati ya hizo mbili. Umetueleza umemwekea nini mbele, hukutueleza alichojibu.

Binti wa Pili anajibu:

Mama, nashukuru sana kwa kuniandikia. Ni kweli kwamba sikuwa nimemuuliza. Nilidhani najua, kwa sababu ya zile picha za milima.

Nimemuuliza leo. Amesema milima anapenda kuitazama na hajawahi kutamani kuipanda. Anachotaka ni kutembea mpaka ardhi iishe. Alikuwa ameshasoma, bila mimi kujua, kwamba baada ya Santiago njia inaendelea kuelekea magharibi kwa karibu kilomita 90 hadi Finisterre, kwenye ufuo wa Atlantiki, na kwamba wasioweza kutembea sehemu hiyo wanaweza kupanda basi. Mpango wake ni kuanzia Sarria, kutembea kilomita zisizozidi 12 kwa siku na kupumzika kila siku ya nne, kisha tukifika Santiago atazame goti linasema nini kabla ya kuchagua kati ya miguu na basi. Amesema pia kwamba atabeba shanta yake mwenyewe siku ya kwanza na siku ya mwisho, na siku za katikati ataona.

Kiti cha magurudumu amekikubali kwa kiwanja tutakachobadilishia ndege tu. Ukurasa wa bima ameniambia nimwachie aujaze kwa mkono wake, kwa kuwa dawa ni zake. Pasipoti imekutwa imebakiza miezi minne, hivyo kesho tunaanza na hiyo, na Jumamosi tunatembea mteremko wa kwanza akiwa na fimbo zake mbili. Kaka ameomba kuja naye kutazama.